Mita 60 Kutoka Ukingo wa Mwaka Gani?

Sisi wenyeji wa Ijuganyondo, hapa Manispaa ya Bukoba, tukitaka kujua kama mvua inakuja tunatazama upande wa ziwani. Wingu zito likijikusanya juu ya maji alfajiri, mwenye kahawa ya kuanika huiacha ndani ya gunia, na mwenye safari ya mtumbwi hungoja kwanza. Wazee wetu walikuwa na maelezo yao. Walisema ziwa lina mwenyewe, naye ni Mugasha, bwana wa maji na dhoruba. Mugasha akikasirika, radi hupiga na mawimbi hupanda. Akiridhika, mvua hunyesha kwa adabu na migomba hustawi.

Leo nataka kuzungumza habari ya mvua hiyo, na hasa habari ya ziwa linavyopanda na kushuka. Nitasimulia historia kwanza. Mwisho nitauliza swali moja la kisheria. Naomba mlisubiri kwa subira, maana ndani yake zimo fedha za watu na nyumba za watu.

Wazee hawakukosea sana kusema kwamba mvua yetu hutoka ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi na ziwa hupata joto polepole. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na uvuguvugu wake. Basi hewa baridi huteremka kutoka nchi za juu zinazolizunguka ziwa, hukutana katikati ya maji, na hewa yenye mvuke hunyanyuka na kuwa wingu la radi. Pepo za mashariki husukuma mawingu hayo upande wa magharibi, yaani upande wetu. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi inatukuta asubuhi, wakati wenzetu wa Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, hupata takribani nusu ya hiyo.

Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi. Kama ziwa lingekuwa linajitengenezea mvua yake peke yake, mwaka mmoja ungefanana na mwingine. Lakini sisi sote tunajua kuwa kuna miaka ya mvua ya kupita kiasi na kuna miaka ya ukavu. Ni nani anayeongeza na kupunguza? Hapo inatubidi tutoke Kagera, tusafiri zaidi ya kilomita 900 kuelekea mashariki, mpaka kwenye maji ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia mguu: Bahari ya Hindi.

Bahari hiyo imelala kati ya Afrika na visiwa vya Indonesia. Katika miaka ya kawaida, maji yenye joto zaidi huwa upande wa Indonesia. Huko hewa hupanda, mawingu hujengeka na mvua humwagika, na upande wetu hewa hushuka ikiwa imekwisha kukamuliwa. Lakini iko miaka ambayo mizani hupinduka. Pwani ya Sumatra maji baridi hupanda kutoka chini, na upande wa Afrika maji hupata joto kuliko desturi. Hapo pepo hubadili tabia, mvuke mwingi husogea kwetu, na vuli ya Oktoba hadi Desemba huacha kuwa mvua ndogo.

Mwaka 1999 N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao, waliokuwa wakifanya kazi Japani, waliieleza hali hiyo na kuipa jina la dipoli, maana yake kitu chenye ncha mbili zinazopingana. El Nino, tunayoifahamu zaidi kwa jina, ni mambo ya Bahari ya Pasifiki. Hawa wawili ni ndugu, na mara nyingi hutembea pamoja, lakini si kila siku. Kwa mvua ya vuli ya Afrika Mashariki, huyu wa Bahari ya Hindi ndiye jirani wa karibu zaidi.

Sasa twende kwenye historia.

Henry Stanley alilizunguka Ziwa Viktoria mwaka 1875, na watu wa Bumbire, kisiwa kilichomo leo katika Wilaya ya Muleba, wanalo la kusimulia kuhusu bunduki zake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1877, wamisionari wa Kiingereza waliingia Buganda, nao wakaandika kwamba mwaka 1878 ziwa lilipanda. Hawakujua kwa nini, na wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Leo tunajua kwamba mwaka 1877 bahari zote mbili, Pasifiki na Hindi, zilikuwa zimevurugika vibaya. India ilikuwa katika njaa kuu ya 1876 hadi 1878 iliyoua mamilioni ya watu kwa sababu monsuni ilikatika. Mizani ya bahari ilikuwa imeinama upande mmoja: wao wakafa kwa kiu, huku ziwa letu likijaa.

Emin Pasha alianzisha boma la Wajerumani hapa Bukoba mwaka 1890, na tangu mwaka 1896 kina cha ziwa kimekuwa kikipimwa na kuandikwa. Kwa hiyo ziwa letu lina daftari refu kuliko familia nyingi. Ukilifungua daftari hilo utaona jambo moja linaruka machoni kuliko yote: mwaka 1961.

Mwaka ule ulianza kwa ukame. Sehemu za kati za Tanganyika na sehemu nyingi za Kenya zilikuwa na njaa, na watu walikula chakula cha msaada. Kisha ikaja vuli. Kuanzia Oktoba mvua ilifunguka katika Afrika Mashariki yote, na mpaka usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, ilikuwa ikiendelea kumwagika. Wengi waliiona kuwa baraka ya Uhuru, wengine wakaiona kuwa ghadhabu. Ukweli ni kwamba mwaka ule El Nino haikuwapo kabisa. Kazi ile aliifanya ndugu wa pili, dipoli ya Bahari ya Hindi, na wataalamu hadi leo huutaja mwaka 1961 kama mfano wake mkubwa.

Mvua nzito iliendelea miaka iliyofuata, na kufikia Mei 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa takribani mita 2 na nusu. Ili kuelewa ajabu hiyo, kumbuka kwamba ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Karibu sehemu 80 katika kila 100 za maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya maji yenyewe. Mito yote, ukiwamo Kagera ambao ni mkubwa kuliko yote, huleta kiasi kilichobaki. Na katika kutoka, sehemu kubwa kama hiyo hunywewa na jua na upepo, na mlango mmoja tu wa kutokea, ule wa Jinja, hutoa iliyosalia kwenda Mto Nile. Ziwa la namna hiyo ni kama sinia pana. Ukizidisha mvua kidogo tu, halina pa kuipeleka upesi.

Kila mwambao uliguswa. Magati yalifurikiwa, mashamba ya pwani yakazama, vijiji vya wavuvi vikahama. Vinamasi vya mafunjo vilivyokuwa vimeota kandokando vilinyanyuliwa na maji na kukatika vipande vipande, vikawa visiwa vinavyoelea. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Hivi viliundwa na mvua.

Lakini madhara makubwa zaidi yalitokea mbali, huko maji yalikokwenda. Katika nchi ya Sudan Kusini ya leo, Mto Nile hupita katika vinamasi vya Sudd. Baada ya mafuriko ya 1961 hadi 1964, eneo la vinamasi lililo chini ya maji mwaka mzima lilipanuka zaidi ya mara mbili. Miti ikafa, malisho ya kiangazi yakatoweka, na Wadinka na Wanuer wakapoteza ng'ombe na makazi. Maji yale hayakurudi nyuma haraka, yalibaki kwa miaka mingi. Fikiri basi: joto la bahari mbele ya Mombasa na Dar es Salaam, mvua juu ya Kagera, na mfugaji wa Bor analia. Huo ndio mnyororo wa bonde la mto.

Mara ya pili wengi wetu tunaikumbuka kwa macho. Mwishoni mwa 1997 El Nino na dipoli zilikuja pamoja. Barabara zilikatika, reli ikakatika, na neno El Nino likaingia katika Kiswahili cha mitaani, hata vijana wakalitumia kwa kila kitu kikubwa kilichopita kiasi. Kufikia katikati ya 1998 ziwa lilikuwa limepanda kwa karibu mita 1 na sentimita 70.

Wakati ule sisi watu wa ziwa tulikuwa na adui mwingine, magugu maji. Mmea huu wa Amerika ya Kusini uliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na mlango wake mmoja mkubwa ulikuwa Mto Kagera wetu, ulioubeba kutoka Rwanda na Burundi. Kufikia 1998 magugu yalikuwa yamefunika maelfu ya hekta. Mitumbwi ilishindwa kutoka, samaki walikosa hewa, konokono wa kichocho na mbu wakapata maskani. Kisha ghafla, kati ya 1998 na 2000, magugu yakapungua sana. Wako wanaosema sifa ni ya mbawakawa wadogo walioletwa makusudi kuyala. Wako wanaosema mawingu ya El Nino yaliyanyima jua na dhoruba zikayang'oa. Mimi naona hakuna sababu ya kugombea: mmea uliokwisha kutafunwa na mdudu hung'oka kwa urahisi zaidi wimbi likija. Ila somo ni kwamba joto la bahari lilifika mpaka kwenye jani la magugu ya Kagera. Na mvua nyingine nzito ya mwishoni mwa 2006, mwaka mwingine wa dipoli, ilipofuatwa na magugu kurudi kwa nguvu katika ghuba ya Kisumu, tulipaswa kujua kwamba mvua hiyo hiyo huweza kuua magugu na huweza kuyalisha, kwa sababu husomba mbolea ya mashamba na kuiingiza ziwani.

Na tusisahau mbu. Muleba na Bukoba zimeinuka juu, na malaria huku huja kwa milipuko, si kwa mazoea ya kila mwezi kama pwani. Mwaka wa mvua nyingi na joto la kuzidi ni mwaka wa hatari. Baada ya mlipuko wa 2006 ndipo Muleba ilipoanza, mwaka 2007, kupuliziwa dawa kwenye kuta za nyumba.

Nisieleweke kwamba bahari hutuletea balaa tu. Senene wetu wa Novemba wanaitegemea mvua hiyo hiyo ya vuli. Migomba inaitegemea. Tunachokizungumza leo ni kipimo kinapopita kiasi, upande wa juu au upande wa chini.

Maana upande wa chini nao upo. Miaka ya 2005 na 2006 ilikuwa ya ukame. Mabwawa yalikauka, umeme ukawa wa mgawo nchi nzima. Ziwa nalo lilishuka mpaka kina kilichokuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1920. Ukame haukuwa peke yake katika kosa hilo. Kule Jinja, mitambo ya umeme ya Uganda ilikuwa ikiruhusu maji kupita kuliko kiasi kilichokubaliwa tangu bwawa la Owen Falls lilipojengwa mwaka 1954. Kwa vyovyote vile, maji yalirudi nyuma. Mwambao ukapata ardhi mpya, tambarare, yenye unyevu, nzuri kwa mboga na nzuri zaidi kwa kiwanja. Mtu aliyezaliwa miaka ya 1990 aliiona ardhi hiyo na kudhani ni ardhi. Babu yake angemwambia ni ziwa lililopumzika.

Ziwa lilipumzika kwa miaka 13 hivi. Katika vuli ya 2019 Bahari ya Hindi ilipinduka kwa dipoli iliyo miongoni mwa kubwa kabisa zilizowahi kupimwa. Upande wa mashariki wa bahari, Indonesia na Australia zilikauka, na dunia nzima ilitazama misitu ya Australia ikiteketea. Upande wetu, mvua haikukoma. Katika miezi sita kuelekea katikati ya Mei 2020 ziwa lilipanda mita 1 na sentimita 21. Katika kipimo cha Jinja lilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Watu zaidi ya laki mbili katika nchi zinazolizunguka ziwa walihama makwao. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kinachoelea cha mafunjo na magugu kilivamia mitambo ya Jinja, na Uganda yote ikaingia gizani. Mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wakiwa wamekufa. Dhoruba zilikuwa zimekoroga maji ya chini yasiyo na hewa na kuyaleta juu. Na katika Sudan Kusini, mji wa Bentiu ulizungukwa na maji kwa miaka kadhaa, kama kwamba mwaka 1964 umerudi kuchukua kilichosalia.

Je, iliishia hapo? La hasha. Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha kwamba El Nino inakuja. Ilikuja, na dipoli pamoja nayo. Mei 2024 kipimo cha Jinja kilipita rekodi ya 2020 na kusoma mita 13.66. Rekodi iliyokaa miaka 56 bila kuguswa, iliyofuata ilikaa miaka 4 tu.

Hapa ndugu msikilizaji anaweza kuniuliza: kwani tofauti iko wapi? Kama ziwa lilipanda 1878 na 1961, kabla ya magari na viwanda kuwa vingi hivi, si ni mambo ya Mungu tu yanayokuja na kupita?

Ni swali la haki. Ni kweli kwamba dipoli ilikuwapo kabla yetu. Tena ukirudi nyuma zaidi, historia ya ziwa hili inatisha. Wataalamu waliotoboa tope la chini ya ziwa waligundua kwamba miaka ipatayo 15,000 na zaidi iliyopita, mwishoni mwa zama za barafu, wakati bahari zilikuwa baridi na mvua ya Afrika Mashariki ilikuwa haba, Ziwa Viktoria lilikauka. Lote. Mahali ambapo leo unavua dagaa palikuwa nyika. Kwa hiyo utii wa ziwa kwa bahari si habari mpya. Bahari zilipokuwa baridi ziwa lilikufa, na zilipopata joto likafufuka.

Kilicho kipya ni kwamba bahari inazidi kupata joto kwa mkono wetu wanadamu. Makaa ya mawe, mafuta na misitu iliyochomwa vimefunika dunia kwa blanketi la hewa, na sehemu kubwa ya joto linalonaswa humezwa na bahari. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ule unaotazamana na sisi, umepata joto kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu mwanzo wa karne ya 20. Mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba, hewa hiyo chafu ikiendelea kumwagwa kwa wingi, dipoli kali zilizokuwa zikija mara moja katika miaka 17 hivi zitakuja mara moja katika miaka 6 katika karne hii. Na wataalamu waliouchunguza mwaka 2020 walikadiria kwamba ongezeko la joto la dunia lilizidisha uwezekano wa ziwa kupanda vile kwa karibu mara mbili, na liliongeza sentimita 7 juu ya kile ambacho kingekuwapo. Sentimita 7 ni ndogo? Zizidishe kwa kilomita za mraba 68,800 ndipo useme.

Wala tusidhani kwamba mvua itakuwa nyingi siku zote. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, bahari ikiwa imeinama upande mwingine, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika Pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Bahari yenye joto la kuzidi hutoa kwa mikono miwili na kunyang'anya kwa mikono miwili.

Sasa nalifikia swali langu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Ni sheria nzuri, nami naiunga mkono. Lakini mita 60 kutoka ukingo wa mwaka gani?

Hebu tupige hesabu ya shule ya msingi. Kati ya kina cha chini cha 2006 na kina cha juu cha 2020 kuna tofauti ya karibu mita 3. Chukua mwambao wenye mteremko mdogo, ambapo ukitembea mita 50 unainuka mita 1. Ziwa likipanda mita 3, maji yatasogea nchi kavu mita 150. Mtu aliyepima mita zake 60 mwaka 2006, kwa kamba iliyonyooka na kwa nia safi, na akapewa kibali chenye muhuri, mwaka 2020 alikuwa ndani ya maji kwa mita 90. Hakuvunja sheria. Sheria ndiyo iliyokosa kumbukumbu.

Na jambo hili haliishii ufukweni. Ziwa likijaa, mito inayoingia ndani yake hukosa pa kumwaga. Mto Kanoni unaopita katikati ya mji wetu wa Bukoba hushindwa kushuka, hurudi kinyumenyume na kutandaa bondeni. Mto Ngono, unaokusanya maji ya Muleba na Bukoba Vijijini na kuyapeleka Kagera, hupita katika tambarare pana, na Kagera ikijaa nao hutandaa vivyo hivyo. Vinamasi vya mafunjo vya mabonde haya vilikuwa sifongo ya kunyonya maji ya ghafla na chujio la kuzuia tope na mbolea visifike ziwani. Tukivikausha kwa ajili ya mashamba na viwanja, maji hayatapotea njia kwa kukosa mahali pa kupumzikia. Yatapumzika sebuleni.

Wahaya wa zamani walijenga juu ya vilima. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, kilikuwa juu. Sisemi kwamba walifanya hivyo kwa kuogopa mafuriko peke yake; udongo na maradhi vilikuwa na sauti pia. Lakini matokeo yake ni kwamba ziwa lilipanda na kushuka kwa vizazi na vizazi na kibanja kikabaki mahali pake. Sisi ndio tulioteremka. Tumeteremka kwa sababu juu kumejaa, ardhi imegawanywa kwa watoto mpaka imekuwa vipande vya leso, na kijana anayetaka kuanza maisha anauziwa kiwanja kule ambako ni rahisi. Kwa hiyo simlaumu. Anayepaswa kuulizwa ni yule anayeijua historia ya ziwa, mwenye ramani na muhuri, akanyamaza.

Napendekeza mambo matatu, yote ya gharama ndogo. La kwanza, kina cha juu kabisa cha ziwa, kile cha 2024, kiwekewe vigingi vya zege mwambao wote wa Bukoba na Muleba, vyenye mwaka umeandikwa, ili hata mtoto wa shule aone maji yalifika wapi. Mita 60 zihesabiwe kuanzia hapo. La pili, waliokwisha kujenga ndani ya mpaka huo kwa vibali halali wasivunjiwe kama wahalifu. Wapewe viwanja juu, na mkutano wa kijiji au mtaa ujue vinatoka wapi. La tatu, mabonde ya Kanoni na Ngono yasiguzwe tena pale ambapo mafunjo bado yapo.

Kuna la nne lisilohitaji fedha kabisa. Dipoli na El Nino hazitupigi usiku kama mwizi. Bahari hupata joto miezi kadhaa kabla ya vuli, na ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa huweza kutoa utabiri wa msimu mapema kama ilivyofanya Agosti 2023. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga, na kwa mvua ya leo ni kweli. Kwa mvua ya Novemba, dalili ni joto la bahari mwezi Agosti. Kati ya Agosti na Novemba mtu anaweza kuzibua mtaro, kuhamisha mahindi kutoka bondeni, kununua chandarua, kuvuna na kukausha kahawa iliyobaki. Serikali ya mtaa inaweza kuita mkutano mmoja. Mkutano mmoja tu, wenye ajenda moja: bahari inasemaje mwaka huu?

Ziwa litashuka tena. Litakaposhuka, ardhi ile tambarare, nyeusi, yenye unyevu, itatokeza na kung'aa juani, na atakuja mtu mwenye utepe wa kupimia na mwenye maneno matamu. Siku hiyo kumbuka 1964, kumbuka 2020, kumbuka 2024. Kabla hujatoa fedha yako, muulize swali hili moja, nalo ulijibiwe kwa maandishi: ndugu yangu, hizi mita 60 umezianzia kwenye ukingo wa mwaka gani?